Barua ya wazi: Rekebisheni nguzo kabla tai na korongo hawajarudi

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Nishati na wa Mazingira wa Kenya na Tanzania. Wakurugenzi wa mashirika ya kusafirisha na kusambaza umeme. Wenye mashamba ya mitambo ya upepo. Na wahandisi wanaotia saini michoro ya laini mpya.

Waheshimiwa,

Kuanzia mwezi wa nane na wa tisa kila mwaka, ndege wakubwa wanaosafiri kwa kuelea huanza kuondoka Ulaya ya mashariki, Urusi na Kazakhstan, hupita Mashariki ya Kati na kuingia Afrika kupitia milango miwili myembamba: Suez upande wa kaskazini, Bab el-Mandeb upande wa kusini. Njia hii ya Bonde la Ufa na Bahari ya Shamu hupitisha zaidi ya ndege milioni 1.5 wa spishi 37 za waeleaji peke yao: tai, vipanga, tumbusi, korongo, mwari. Katika msimu mmoja tu, mwishoni mwa 1987, waangalizi waliokaa Bab el-Mandeb walihesabu tai nyika zaidi ya 76,000 wakivuka kutoka Yemen kuingia Djibouti. Sehemu kubwa ya kundi hilo hushuka hadi kwetu, wakifuata kumbikumbi wanaotoka mvua za vuli zinapoanza. Korongo weupe huja kwa viwavijeshi na panzi. Korongo wa Abdim hawatoki Ulaya hata kidogo. Huzaliana ukanda wa Saheli, kisha huja mabondeni mwetu na mawingu ya mvua.

Tunawaandikia juu ya jambo moja: nguzo na nyaya zilizosimama kwenye njia hiyo. Tai nyika yumo katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka tangu 2015. Amevuka jangwa na bahari, halafu anafia juu ya nguzo ya mita kumi na moja inayopeleka umeme kwenye kisima cha maji. Kifo hicho kinazuilika kwa vifaa vinavyojulikana, na mamlaka ya kuviweka mnayo ninyi.

Ndege mzito hawezi kupiga mabawa kutwa nzima. Husubiri jua lipashe ardhi, hupanda akizunguka ndani ya hewa ya moto, kisha huteleza hadi kwenye mkondo mwingine wa hewa. Kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi na moja jioni hewa hiyo haipo, kwa hiyo ndege yuko chini, anatafuta pa kulala au pa kuota jua. Kwenye tambarare za Kajiado, Magadi, Longido na Simanjiro miti mirefu ni ya kuhesabu. Kitu kirefu kuliko vyote, chenye mkono ulionyooka wa kukanyaga, ni nguzo ya umeme. Laini ikipita hapo, kila nguzo imegeuka mti wa kulala.

Ndege aliyetua juu ya waya mmoja hadhuriki, kwa kuwa umeme hauna pa kupitia. Hufa anapogusa vitu viwili kwa pamoja: fezi (waya wenye umeme) na fezi, au fezi na chuma kilichounganishwa na ardhi. Mabawa ya tai nyika au korongo mweupe yakikunjuliwa yanaweza kuzidi mita mbili. Manyoya makavu huzuia umeme kwa kiasi kikubwa, ndiyo maana kipimo cha hatari huhesabiwa kwenye nyama ya bawa, si kwenye ncha ya unyoya. Lakini manyoya yakilowa hupitisha, na ndege hawa hutufikia wakati wa mvua. Asubuhi baada ya mvua ya usiku, tai hukaa juu ya mkono wa nguzo na kutanua mabawa yaliyolowa ili yakauke.

Hatari hii ni ya laini za kusambaza, za msongo wa kilovolti 11 na 33. Kwenye laini kuu za kilovolti 220 au 400, nyaya ziko mbali mno kwa ndege kuziunganisha. Huko tatizo ni kugonga waya, na tutalifikia.

Sasa kuna badiliko ambalo tunaomba lisomwe kwa makini. Nguzo za zege zinachukua nafasi ya nguzo za miti. Hatuzipingi: mchwa hawazili, moto wa nyika hauziangushi, na miti inabaki shambani. Ila nguzo ya mti yenye mkono wa mti ilimtaka ndege aguse fezi mbili ndipo afe. Nguzo ya zege ina nondo ndani yake, mkono wake ni wa chuma, na vyote vimeshikana na ardhi. Anayetua juu ya mkono huo amekanyaga ardhi, ingawa yuko mita kumi juu yake. Akigusa fezi moja kwa shingo, kwa bawa au kwa mkia, basi. Na kikombe cha pini cha laini ya kilovolti 11, yaani kizuia umeme kinachosimamishwa juu ya mkono ili kushika waya, hakifiki hata nusu ya urefu wa tai aliyesimama kando yake. Mkibadilisha nguzo bila kubadilisha namna ya kufunga vikombe, mnaongeza vifo kwa laini ileile, kwa umeme uleule.

Katika laini mpya dawa ni rahisi kwa sababu inaandikwa kwenye mchoro. Waya utundikwe chini ya mkono kwa vikombe vya kuning'inia, si juu yake. Kutoka mahali ndege anapoweza kukanyaga hadi kwenye chuma chenye umeme pawe na sentimita 60 au zaidi. Kutoka fezi hadi fezi pawe na sentimita 140 au zaidi. Waya wa kati usiwekwe kwenye kilele cha nguzo bila kifuniko, maana kilele ndicho tai anachochagua kwanza. Jampa, yaani vipande vya waya vinavyounganisha laini kwenye nguzo, zipite chini ya mkono, na kwenye nguzo za kona ziwe za waya uliovikwa. Vipimo hivi viingizwe kwenye masharti ya zabuni kwa tarakimu. Sentensi ya kwamba "mkandarasi atazingatia usalama wa wanyamapori" haimfungi mtu yeyote, na tunajua mkandarasi ataleta kikombe cha bei ndogo kuliko vyote kilichoruhusiwa.

Kwa laini zilizokwisha kusimama, kazi ni ya kufunika. Kifuniko cha silikoni au cha plastiki iliyotengenezwa kwa msongo husika hufunika kikombe pamoja na waya kwa urefu wa sentimita 130, yaani sentimita 65 kila upande wa kikombe. Kwenye nguzo ya mti yenye mkono wa mti, kufunika fezi ya kati mara nyingi kunatosha, kwa kuwa fezi za pembeni zimeachana vya kutosha. Kwenye nguzo ya zege au chuma lazima zifunikwe zote tatu. Hapa ndipo bajeti nyingi zinapokosea: mtu ananunua kifuniko kimoja kwa kila nguzo kwa sababu mwongozo aliousoma ulikuwa wa nguzo za miti, kisha vifo vinaendelea na inasemwa vifuniko havifai.

Nguzo za transfoma ni mbaya kuliko zote kwa sababu kila kitu kimebanana: vichwa vya transfoma, vizuia radi, fyuzi, na nyaya fupi zinazoviunganisha. Vichwa vivalishwe kofia, na nyaya zote fupi zibadilishwe ziwe za kuvikwa, ikiwemo ile inayotoka kwenye fyuzi. Mkiacha moja wazi, ndege atakufa kwenye hiyo moja. Kazi hii hailindi ndege tu. Mwezi wa sita 2016 tumbili mmoja aliyeangukia transfoma katika kituo cha Gitaru aliitia Kenya nzima gizani. Tai akiungua kwenye laini ya kilovolti 33, laini hukatika vilevile, fundi hutumwa usiku kutafuta hitilafu isiyoonekana, na mzoga unaowaka ukianguka kwenye nyasi kavu huanzisha moto.

Yapo mambo yaliyokwisha jaribiwa yakashindwa, na tunaomba yasirudiwe. Miiba ya kuzuia ndege asitue haifanyi kazi kwa ndege wakubwa. Hujibana katikati ya miiba, au miiba humsukuma karibu zaidi na waya. Bomba la plastiki la kumwagilia, likipasuliwa na kuvishwa waya, huonekana kama kifuniko kwa miezi michache, kisha jua hulikausha, hupasuka, maji na vumbi huingia, umeme hutambaa juu yake na hatimaye huungua. Utepe wa kuzungushia huachia. Hata kifuniko kizuri kikifungwa bila klipu zake zote hupeperushwa na upepo na kusogea upande mmoja wa waya, na ule upande mwingine ukabaki wazi bila mtu kujua kwa kuwa ukitazama kutoka chini unaona tu kwamba kifuniko kipo. Kwa hiyo anayepokea kazi kwa niaba ya shirika apande gari la ngazi au atumie darubini, ahesabu klipu, kisha ndipo asaini.

Nguzo zipi zianze? Si lazima zote. Kwa kawaida sehemu ndogo ya nguzo huua sehemu kubwa ya ndege, na hizo zinatambulika: mkono wa chuma, kikombe cha kusimama, jampa juu ya mkono, transfoma au swichi, mahali peupe pasipo miti, karibu na dampo, machinjio, bwawa au malisho ya mifugo mingi. Mkaguzi atembee laini kwa miguu. Aandike namba ya nguzo, mahali ilipo kwa GPS, aina ya mkono, aina ya vikombe, ziliko jampa. Apekue duara la mita kumi kuzunguka shina la nguzo, ndani ya nyasi na chini ya vichaka. Manyoya yaliyoungua ncha, kucha zilizokakamaa au alama ya kuungua mguuni ni ushahidi wa umeme. Mfupa uliovunjika bila kuungua ni wa kugonga waya.

Na asiyekuta mzoga asiandike kwamba hakuna vifo. Fisi na mbweha hupita usiku, kunguru hupita alfajiri. Ili kujua wanachukua kwa kasi gani, wekeni mizoga ya kuku au kanga mahali panapojulikana, kisha mkague siku ya kwanza, ya tatu na ya saba. Ikiwa nusu imetoweka ndani ya siku tatu, basi ukaguzi wa mara moja kwa mwezi unaona sehemu ndogo sana ya vifo, na hesabu irekebishwe hivyo. Ripoti nyingi za tathmini ya athari kwa mazingira hukosa hatua hii, na kwa sababu hiyo sifuri zake hazina uzito.

Tuje kwenye laini kuu. Laini ya kilovolti 400 kutoka Isinya kupitia Namanga, Arusha na Babati hadi Singida ina takribani kilomita 510 na inafuata ukanda uleule wa Bonde la Ufa. Ile ya Loiyangalani hadi Suswa inabeba umeme wa upepo kilomita zaidi ya 400 kutoka Ziwa Turkana. Ile ya Sodo, Ethiopia, hadi Suswa ina zaidi ya kilomita 1,000. Kinachoua kwenye laini kama hizi mara nyingi si nyaya nene za umeme, ni ule waya mwembamba wa kinga ya radi ulio juu kabisa. Ndege huona nyaya nene akiwa amechelewa kidogo, huinuka kuzikwepa, na hugonga ule asiouona. Tena korongo na tandawala, ndege wakubwa wazito wa nyikani, wanapotazama chini kutafuta chakula wakiwa wanaruka, macho yao hayaoni mbele kabisa, hilo limepimwa. Hawagongi kwa uzembe.

Waya huo wa juu unatiwa alama: spirali kubwa, au visahani vinavyopepea vyenye rangi nyeusi na nyeupe, kila mita 5 hadi 10. Kama kuna nyaya mbili za kinga ya radi, alama zipishane ili kwa ndege anayekuja zionekane zimesogeleana. Mahali pa lazima ni sehemu ya katikati ya kila mkato, yaani kati ya mnara na mnara, kwa kuwa karibu na mnara ndege huuona mnara wenyewe. Tumewahi kuona picha za kazi ambamo alama zote ziko karibu na minara kwa sababu huko ndiko fundi alikofika kwa urahisi. Mjue pia mipaka yake. Katika jaribio la Karoo, Afrika Kusini, alama zilipunguza vifo vya korongo buluu kwa asilimia 92, lakini kwa tandawala hazikusaidia. Kwa tandawala dawa ni kuhamisha njia ya laini kabla haijajengwa.

Heroe, ambao wengi huwaita flamingo, wana shida ya peke yao: huhama kutoka ziwa hadi ziwa usiku. Kisahani cheusi na cheupe hakiwasaidii gizani. Laini inayopita kati ya Nakuru na Elmenteita, karibu na Bogoria, au pembeni mwa maziwa ya Singida yenyewe, Singidani na Kindai, inahitaji alama zinazong'aa usiku au taa. Huko Nebraska, Marekani, taa za urujuanimno (mwanga tusiouona sisi) zilizofungwa kwenye minara ya laini inayovuka mto zilipunguza migongano ya korongo kwa asilimia 98. Jaribio la namna hiyo lingefaa sana kufanywa kwenye ziwa moja la kwetu, na tunaliomba.

Kuhusu mitambo ya upepo tutasema machache kwa sababu mfano mzuri uko nyumbani. Kipeto, Kajiado, yenye mitambo 60, ina waangalizi wanaoamuru mtambo usimamishwe tumbusi au tai wanapoukaribia. Kule Tarifa, Hispania, kusimamisha mitambo michache kwa muda mfupi kulipunguza vifo vya tumbusi kwa karibu nusu, na umeme uliopotea ulikuwa asilimia 0.07 tu kwa mwaka. Tunachotaka ni kila shamba jipya la upepo kwenye Bonde la Ufa lipewe sharti hilo ndani ya leseni: waangalizi wawepo tangu hewa inapoanza kupanda hadi jioni, wawe na redio na mamlaka ya kusimamisha bila kuomba ruhusa kwa mtu aliye Nairobi au Dodoma, na mizoga ya mifugo iondolewe chini ya mitambo siku hiyohiyo ili tumbusi wasiitwe hapo.

Iwapo mtu ataona haya ni mambo madogo, atazame Port Sudan. Laini moja fupi, iliyojengwa miaka ya 1950, iliendelea kuua tumbusi wa Misri kwa miongo kadhaa, mamia na huenda maelfu, hadi ilipozimwa mwaka 2014 na kubadilishwa kwa laini iliyovikwa. Ndege wale walikuwa wa nchi nyingi. Waliozaliana Ulaya ya kusini mashariki na Uturuki walipungua, na wahifadhi wa huko walikuwa wanalinda viota huku wazazi wakifia jangwani Sudan. Nguzo zetu zinaweza kuwa hivyo kwa tai nyika wa Kazakhstan bila sisi kusikia.

Kenya na Tanzania ni wanachama wa Mkataba wa Bonn wa 1979 wa kulinda wanyama wahamao, na wa mapatano ya ndege wa maji wa Afrika na Ulaya na Asia. Mwaka 2011, huko Bergen, Norwei, nchi wanachama zilipitisha azimio mahususi kuhusu laini za umeme na ndege wahamao. Hatuombi sheria mpya. Tunaomba vipimo vilivyokwisha kukubaliwa viingie kwenye viwango vya ujenzi vya mashirika yenu, na kumbukumbu za kukatika kwa umeme zinazosababishwa na ndege zitolewe kwa umma kila mwaka zikiwa na namba za nguzo. Fundi aliyekuta mzoga chini ya nguzo awe na mahali pa kuandika kwenye fomu yake. Fomu nyingi zina neno "hitilafu" peke yake.

Kalenda inaruhusu. Ndege wanaorudi kaskazini huondoka mwezi wa tatu na wa nne. Masika ikiisha, mwezi wa sita, barabara za mkuza, ule ukanda wa ardhi uliotengwa kwa laini, hupitika: ndio wakati wa kukagua nguzo na kuzipanga kwa hatari. Mwezi wa saba hadi wa tisa ni kiangazi, na mashirika huzima laini nyingi kwa matengenezo yaliyopangwa. Vifuniko vifungwe katika uzimaji huohuo, bila kuwakatia wananchi umeme mara ya pili. Katikati ya mwezi wa kumi kazi kwenye nguzo za daraja la kwanza iwe imekwisha. Kisha mwezi wa kumi na moja, mvua zikishaanza na tai wakishafika, mkaguzi arudi kwenye nguzo zilezile, apekue duara la mita kumi chini ya kila moja, na atazame kwa darubini kama klipu bado zimefunga.

Wenu,
Wafuatiliaji wa ndege wahamao na mafundi wa laini, Kenya na Tanzania